Land Rover ya zamani kabla ya mawe ya Engare Sero: dalili, chanzo na tiba

Malalamiko ya wenye Land Rover Series III yanafanana mno. Inachemsha mlimani. Inazima ikipata moto na haiwaki tena. Gia inaruka. Breki inazama. Kitu kimelia "taa!" nyuma na gari halivuti tena. Gari hizi zilitengenezwa kati ya 1971 na 1985, kwa hiyo hata ile changa kabisa ina miaka 40, na imepita mikononi mwa mafundi wengi, kila mmoja na mtindo wake wa kufunga waya.

Hapa namlenga mtu mwenye 88 au 109 (inchi kati ya eksili ya mbele na ya nyuma) ya petroli, injini ya lita 2.25, anayetaka kutoka Mto wa Mbu, kaskazini mwa Tanzania, apite Engaruka na chini ya volkano ya Ol Doinyo Lengai mpaka Engare Sero, kando ya Ziwa Natron, kisha apandishe ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Sonjo na Loliondo. Ziwa Natron liko kwenye mwinuko wa takribani mita 600 tu, na joto lake halina masihara. Ukianza kupanda ni kona kali na mawe ya volkano yenye makali. Njia hii haitaki gari lililoinuliwa na kufungwa taa kumi juu ya paa. Inataka gari lisilovuja.

Karibu kila kinachokufa kwenye mawe kilishaanza kulalamika mjini, ila mwenye gari alikizoea. Kwa hiyo usisome haya ukiwa umekwama. Yasome wiki tatu kabla, gari likiwa uani. Katika kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea mara nyingi na kumalizia na cha nadra. Fuata hivyo hivyo. Anayekimbilia kufungua silinda hedi kumbe ni fenibelti, anapoteza wikiendi na hela ya gasketi.

Inachemsha mlimani, tambarare haina shida

Anza na uchafu wa nje ya rejeta. Mulika tochi kutokea upande wa feni, mwenzako asimame mbele ya gari akuambie mwanga unapita wapi. Utashangaa: mbegu za nyasi, panzi waliokauka, na vumbi lililogandishwa na oili, robo nzima ya rejeta imeziba na mwenye gari hajui. Osha kwa maji yenye presha ndogo ukisukuma kutoka upande wa injini kuja mbele. Mashine ya kuoshea magari inalaza yale mapezi membamba, na hapo umeongeza tatizo.

Kisha fenibelti. Ibonyeze katikati kwa kidole gumba. Ikizama zaidi ya sentimita moja hivi, kaza. Tazama kifuniko cha rejeta: raba iliyokakamaa au springi iliyochoka inaachia presha, na maji yasiyo na presha huchemka mapema. Halafu uliza kava la feni liko wapi, lile bati linaloizunguka. Mafundi hulitoa wakiteremsha rejeta, na mara nyingi halirudi. Kwa kilomita 80 kwa saa hutaona pengo lake. Kwa mwendo wa mtu anayetembea, feni isiyo na kava inazungusha hewa ile ile ya moto.

Kama hayo yote yako sawa, taiming (wakati wa kutoa cheche) imechelewa, au rejeta imejaa kutu ndani. Kuhusu thermostati, ile valvu inayofungulia maji yakipata moto, desturi ya kuitoa na kuitupa kwa sababu "nchi yetu ni ya joto" siikubali. Kwenye injini hii thermostati sahihi ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupitia rejeta. Weka mpya, iliyo sahihi.

Chanzo cha nadra, na kibaya, ni gasketi ya hedi. Washa injini ikiwa baridi, kifuniko kikiwa wazi. Mapovu yasiyoisha shingoni mwa rejeta, hozi inayokakamaa dakika ya kwanza tu, maji yanayopungua bila kuonekana yanakovujia, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa: ukiona lolote kati ya hayo, safari imeahirishwa. Hedi ishushwe na fundi wa injini, ipimwe kama imepinda. Dawa za kuziba zinazomwagwa kwenye rejeta zinaziba pia vijinjia ambavyo hukutaka vizibwe.

Njiani, tumia gia za nguvu (zile za leva nyekundu, nitazieleza chini) mapema. Feni na pampu ya maji zinazungushwa na injini, si na mwendo wa gari, kwa hiyo injini inayozunguka vizuri kwenye gia ndogo inajipoza kuliko ile inayokokoteka kwenye gia kubwa. Mshale ukipanda, simama, geuza pua ielekee upepo, acha injini izunguke taratibu. Usifungue kifuniko cha moto. Mvuke wake unababua uso. Na beba maji matamu ya kutosha kutoka Mto wa Mbu. Maji ya chemchemi za pembezoni mwa Natron ni ya magadi, na ukiyamimina kwenye rejeta yatakuachia ukoko ndani.

Inazima ikipata moto, haiwaki mpaka ipoe

Hapa watu hubadilisha vitu kwa kubahatisha: koili leo, pampu kesho. Kwanza gawa tatizo mara mbili. Chomoa waya mmoja wa plagi, uchomeke kwenye plagi ya akiba, iegemeze kwenye chuma cha injini mbali na kabureta, mwenzako apige stata. Cheche ya bluu yenye nguvu inamaanisha shida iko kwenye petroli. Cheche dhaifu ya njano, au hakuna kabisa, ni umeme.

Upande wa petroli, cha kwanza ni mafuta kugeuka mvuke. Kwenye injini hii kabureta imekaa juu ya manifoldi, na manifoldi ya kuingiza na ya eksozi zimefungwa pamoja upande mmoja. Panda polepole adhuhuri, upepo ukitokea nyuma, na petroli inachemka kabla ya kufika. Kitambaa kibichi juu ya pampu na bomba lake, kisha vuta mafuta kwa ile leva ndogo ya mkono iliyo chini ya pampu mpaka uhisi inagoma. Tiba ya kudumu ni kusogeza bomba la mafuta mbali na eksozi na kurudisha bati la kukinga joto kama lilishaondolewa.

Cha pili ni kikombe cha kioo cha pampu. Kifungue uani, uone mchanga na matone ya maji yaliyokaa chini. Cha tatu kinasahaulika kabisa: kitundu cha hewa cha kifuniko cha tenki. Vumbi la majivu ya Lengai ni laini kama unga, linaziba popote. Gari likizima, legeza kifuniko. Ukisikia tenki linavuta pumzi, umempata mwizi wako. Baada ya hapo ndipo ufikirie uchafu kwenye kabureta na sindano ya floti.

Upande wa umeme, kondensa kwanza, halafu koili inayokata ikipata moto, halafu pointi, vile vibati vya ndani ya distribyuta vinavyofunguka na kufunga. Nafasi ya pointi ni milimita 0.35 hadi 0.40. Spea mpya za siku hizi, hasa kondensa na rota, si za kuaminika kama zilivyokuwa, kwa hiyo ile ya zamani iliyokuwa inafanya kazi usiitupe, iweke kwenye boksi la akiba.

Ukinusa petroli kabla ya kupima cheche, acha. Tafuta inakovuja kwanza. Kizimamoto kikae karibu na dereva, si chini ya mahema na masufuria.

Leva nyekundu haitoki, au gia inaruka

Kwa asiyeijua: leva ya njano ukiibonyeza inaunganisha magurudumu ya mbele kwenye gia za kawaida, leva nyekundu ukiivuta nyuma inaleta gia za nguvu na magurudumu manne kwa pamoja. Transfa, yaani boksi la pili linalogawa nguvu mbele na nyuma, hapa haina difu ya katikati, zile gia zinazoruhusu pande mbili zizunguke kwa kasi tofauti. Ukiendesha hivyo kwenye ardhi ngumu, shafti za mbele na za nyuma zinakabana, na leva inagoma kutoka. Wengi hudhani gia boksi imekufa. Rudi nyuma mita chache, usukani ukiwa umenyooka, jaribu tena gari likiwa limesimama. Ikigoma hata kwenye mchanga, kagua vyuma vya kuunganishia leva. Vimejaa tope lililokauka au pini imeota kutu.

Gia inayoruka ni habari nyingine. Chanzo cha kwanza ni raba za kukalia gia boksi: zikipasuka, boksi zima linayumba na leva inajitoa. Kagua kwa jeki na kipande cha ubao, injini imezimwa. Zikiwa nzima, springi ndogo za kushikilia gia zimechoka. Zikiwa nazo nzima, meno ya gia yamelika, na hiyo ni kazi ya kushusha boksi.

Usijifariji kwamba "nitaishika kwa mkono". Gia ikiruka kwenye mteremko wa mawe, umebaki na breki za ngoma peke yake, nazo zinachoka zikipata moto. Gari linaloruka gia ya kwanza au ya pili uani halipandi ukuta wa Natron, basi.

Magurudumu ya mbele hayavuti

Mara nyingi sana ni habu za mbele za kufungua na kufunga kwa mkono, kama gari lako linazo: moja imefungwa, nyingine haijafika mwisho. Kipimo chake ni rahisi. Tambarare, mawe mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya nyuma, injini imezimwa, leva nyekundu nyuma, gia ya kwanza. Nyanyua gurudumu moja la mbele na ulizungushe kwa mkono. Linatakiwa kugoma. Likizunguka wakati propela ya mbele (shafti inayotoka transfa kwenda difu) imetulia, habu haijashika au hafu-shafti, ile inayotoka difu kwenda gurudumuni, imekatika, ya upande huo au wa pili. Likizunguka pamoja na propela, tatizo liko kwenye transfa au vyuma vya leva.

Breki inazama, inavuta upande, au breki ya mkono haishiki

Kanyaga mara moja, halafu ya pili haraka. Pedali ikija juu mara ya pili, breki zinahitaji kurekebishwa tu; hili ndilo lililo la kawaida kuliko yote kwenye ngoma. Kwenye 109 kila gurudumu la mbele lina adjasta mbili, na wengi hukaza moja wakadhani wamemaliza. Kaza mpaka gurudumu lishikwe, kisha legeza kidogo mpaka lizunguke huru.

Pedali laini kama sponji ni upepo ndani ya mfumo: toa upepo, ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedali. Pedali inayoshuka taratibu ukiwa umeikandamiza kwa nguvu sawa ni mafuta yanavuja mahali au masta silinda imechoka ndani. Kagua nyuma ya kila gurudumu kwa kidole. Umajimaji mwepesi ni mafuta ya breki. Mzito na wenye harufu kali ya difu ni sili ya habu, na shuu zilizolowa oili hazifai tena. Kuzipiga petroli na kuzichoma ni kujidanganya, oili imeshaingia ndani.

Ukifungua ngoma za zamani, usipulize vumbi lake kwa mdomo wala kompresa. Shuu za enzi hizo zilikuwa na asbesto. Lowesha, futa kwa kitambaa, kitupe.

Sasa breki ya mkono, na hapa naomba usome taratibu. Kwenye Series breki ya mkono haikamati magurudumu. Inakamata shafti inayotoka nyuma ya transfa. Kwanza, sili ya transfa ikivuja, oili inaingia moja kwa moja kwenye ngoma hiyo, na utakaza waya mpaka uchoke bila faida. Pili, na hili limeumiza watu: ukinyanyua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaruhusu lile lililo hewani lizunguke na lililo chini libingirike. Gari linaondoka juu ya jeki huku breki ya mkono ikiwa imevutwa mpaka mwisho. Hafu-shafti ya nyuma ikikatika, mambo ni yale yale. Kwa hiyo kwenye mteremko: leva nyekundu nyuma, gia ya kwanza, mawe chini ya tairi, ndipo jeki. Wala usiivute gari likiwa linakwenda. Mshtuko wote unaishia kwenye propela na difu.

Hozi za mpira zilizopasuka-pasuka, bomba la chuma lililoliwa na kutu, au masta silinda inayovuja ni kazi ya fundi wa breki mwenye ujuzi, na gari lisitoke getini kabla.

"Taa!" nyuma, kisha gari halivuti

Hafu-shafti. Inawakumba zaidi wenye 88, ambao difu yao ya nyuma ni ile nyepesi. 109 za Series III nyingi zina difu ya Salisbury nyuma, ambayo ni ngumu zaidi. Shafti haikatiki kwa uzito. Inakatika pale gurudumu linaporuka hewani likizunguka kwa kasi halafu likaangukia jiwe kavu na kushika ghafla. Gurudumu likianza kudunda, toa mguu, rudi nyuma nusu mita, tafuta mstari mwingine. Kusindilia mafuta ndiyo njia ya haraka ya kusikia ule mlio.

Habari njema: gurudumu halichomoki, kwa sababu uzito wa gari unabebwa na habu, si na shafti. Zuia magurudumu, fungua flenji ya nje, chomoa kipande cha nje, na cha ndani kama kinafikika, rudisha flenji au ziba vumbi lisiingie. Kisha leva nyekundu au ya njano, na magurudumu ya mbele yatakutoa. Taratibu. Ukisikia vyuma vinasagana ndani ya difu, usiendelee hata mita mia. Kipande kimebaki ndani na kitakula kila kitu. Hapo ni kuvutwa.

Gari limelala upande, usukani unatangatanga

Kulala kidogo upande wa dereva kwa kawaida ni springi. Za kiwandani zilitofautiana kushoto na kulia, ya dereva ikiwa na nguvu zaidi, kwa vile yeye na tenki la mafuta wanakaa upande huo. Fundi akizichanganya, gari linalala maisha yake yote. Kulala kulikoanza ghafla ni jani lililovunjika au senta bolti iliyokatika: tazama kama eksili imesogea nyuma upande mmoja.

Usukani wenye mchezo mkubwa, anza na presha ya tairi na beringi za magurudumu, kisha ncha za tai-rodi, kisha king pini. Shika tairi juu na chini, tikisa, mwenzako atazame chini kinachocheza. Lile tufe la kromu nyuma ya gurudumu la mbele likiwa na mashimo ya kutu, linakata sili na kuvujisha oili. Jaza na uangalie kiwango kila jioni, utafika. Tufe kavu halifiki. Na kwa vile usukani hauna pawa, kwenye mawe weka vidole gumba nje ya duara. Jiwe likipiga tairi, usukani unazunguka wenyewe, na mikono yake inavunja kidole.

Mwisho chukua nyundo ndogo, lala chini, gonga chasisi yote, hasa sehemu za kukalia springi na boriti ya nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya bati lenye udongo. Chasisi iliyooza kwenye springi si ya kubandikwa kiraka na mchomeleaji wa madirisha. Peleka kwa mtu wa chasisi, na kabla hajawasha mashine yake, betri na alteneta vichomolewe.

Mengine kwa ufupi

Stata inalia "tak" tu: safisha waya wa athi kutoka gia boksi kwenda chasisi kabla ya kununua betri. Taa zinafifia zote kwa pamoja: athi tena.

Tairi za 7.50-16 zenye tyubu punguza upepo kidogo kwenye mawe, lakini usishuke chini ya 20 psi. Tairi ikiteleza kwenye rimu, inang'oa valvu ya tyubu. Ubavu wenye mpasuko unaoonyesha nyuzi haufai hata kama kashata bado ni nzuri, maana mawe ya pale hukata ubavuni. Spea mbili, si moja.

Mzigo wa juu ya paa shusha. Madumu ya maji na petroli yakae chini, mbele ya eksili ya nyuma, yamefungwa.

Barabara ya kutoka Mto wa Mbu ni matuta ya kutetemesha kwa saa nyingi, na ndiyo inayolegeza kila bolti kabla hujayaona mawe yenyewe. Ukifika Engaruka, zima injini na uingie chini na spana: nati za magurudumu, U-bolti za springi, bolti nne za kila flenji ya propela, ya nyuma na ya mbele. Yoyote iliyolegea ikaze, uiweke alama ya chaki, na uitazame tena Engare Sero kabla ya kupanda.